Nikija, Tunakuja Wawili

Mwezi uliopita nilirudi Usagara kwa harusi ya binamu yangu. Chakula kililetwa na gari, kimefungwa kwenye makasha ya plastiki. Nikakaa na pilau yangu iliyopoa, nikamkumbuka bibi yangu, maana zamani mtaa huu haukuozesha binti bila yeye.

Bibi alikuwa mpishi wa harusi. Wanawake walijaa uani tangu alfajiri, hawa wakichambua mchele, wale wakimenya vitunguu huku wanalia na kucheka, nasi watoto tukikalia mbuzi kukuna nazi mpaka viganja viume. Moshi wa kuni na harufu ya bizari vilikataa kutoka kwenye nywele.

Jirani yetu mmoja, mwanamke kijana aliyetoka Pemba kuja kuolewa hapa, alikuwa na kifafa. Siku alipoanguka bombani, watu walitupa ndoo wakarudi nyuma. Walisema ukiguswa na povu lake, nawe umeupata. Mumewe akamwacha. Bibi ndiye aliyemlaza ubavu, akamfuta mdomo kwa kanga yake mwenyewe, akamleta kwetu. Tangu hapo walikula sahani moja, barazani, kila mpita njia aone.

"Bibi, huogopi watu watasema?" nikamuuliza.

"Waseme. Midomo yao, sahani yangu."

Ikaja harusi kubwa. Mama yake biarusi alikuja kumwomba Bibi akapike, kisha akashusha sauti: "Ila yule mgonjwa wako umwache nyumbani."

"Nikija, tunakuja wawili."

"Watu hawatakula, mama."

"Basi wafunge."

Akatafutwa mpishi mwingine. Nililia, kwa kuwa tumbo langu lilikuwa limeshajiandaa. Lakini kabla ya siku yenyewe biarusi akaja mchana kweupe, hina haijakauka mikononi, wakati alitakiwa awe ndani hata jua lisimwone.

"Shikamoo, Bibi. Harusi ni yangu. Njooni wote wawili."

Wakaenda, nami nyuma yao. Yule dada wa Pemba alikuwa akikoroga sufuria kubwa alipoanguka tena. Safari hii hakuna aliyekimbia. Mmoja alivuta kuni kutoka mekoni, mwingine akamlaza ubavu kama Bibi alivyofanya, na mama yake biarusi, yuleyule, akavua mtandio wake wa sherehe akamtilia chini ya kichwa. Alipozinduka wakampa maji, na alipopata nguvu wakamrudishia mwiko. Pilau ile ililiwa mpaka ukoko.

Bibi ameshatangulia. Uani pale sasa pana maduka ya simu, na majirani wanasalimiana kupitia matundu ya mageti. Nikisimulia haya naambiwa dunia imebadilika, huruma haijengi mji. Nakataa. Mimi niliuona mtaa mzima ukigeuzwa na mwanamke asiye na cheo wala kipaza sauti, aliyemwona binadamu yuko chini, akainama. Mtaa ule umekufa, sawa. Mimi ningali hai, na kuinama bado najua.