Karatasi ya Peka na ya Uga

Mokale alikuwa na miaka hamsini na tisa na magoti ya mtu wa themanini. Ishirini na sita kati ya miaka hiyo aliimaliza katika misitu ya kisiwa cha Niue, akihesabu wanyama wawili wasiohusiana hata kwa ndoto: peka, yule popo mla matunda, na uga, kaa wa nchi kavu anayepasua nazi. Kila mmoja na vituko vyake. Peka ananyonyesha, lakini anaruka kama ndege. Uga ni jamaa wa kamba, lakini mtupe baharini uone atakavyokufa maji.

Kosa lilianzia katika ukumbi wa kanisa, alipowasomea wanakijiji karatasi ya ofisi yake ya wanyamapori. Peka: wanapungua, wasiwindwe. Uga: taarifa hazitoshi.

“Kwa hiyo uga hawana neno,” akadakia mdogo wake, Pulevaka.

“Sijasema hivyo. Haijulikani tu.”

“Dada, kisichojulikana hakina kesi!”

Watu wakacheka. Mokale alikuwa amechoka, akaketi. Laiti angebaki wima! Tangu siku ile kila karamu ikawa ya uga, peka wakajinenepea mitini.

Basi akaamua kuzitafuta taarifa hizo mwenyewe. Akanasa uga kumi na wawili, akawaandika namba mgongoni kwa rangi nyeupe ya kucha, akawaachia. Baraza la kijiji lilimwahidi kwamba akileta hesabu kabla ya mwezi kwisha, litafikiria kupiga marufuku kuwawinda uga. Kila alfajiri alikagua nazi za chambo alizofunga miambani. Wiki tatu, hakumwona hata mmoja. Akadhani macho yamezeeka.

Jumamosi Pulevaka akamtoga mjukuu wake masikio, kijiji kizima kikaalikwa. Tanuri la shimoni lilipofunuliwa, Mokale, dada mkubwa, aliletewa sahani ya kwanza. Mgongoni mwa uga palisomeka saba.

Hakupiga kelele. Hasira nayo inataka nguvu.

“Mmeoka wangapi?”

“Tisa. Kula, dada, hao ndio wakubwa!”

“Namba hukuziona?”

“Niliziona. Si nikajua hao umeshamalizana nao?”

“Niletee magamba yote.”

Akayapanga mkekani, moja moja, akatoa daftari, akaandika: tisa kati ya kumi na wawili. Kisha akamgeukia mwenyekiti wa baraza, aliyekuwa anafyonza mguu wa uga.

“Mzee, taarifa sasa zinatosha.”

Mwenyekiti akauweka mguu chini.