Televisheni ya Baba na Rafiki Yake wa Kahawa

Televisheni ya kwanza ya baba ilikuwa ile ya chogo, nzito kama gunia la kahawa, na ilituona wote tukikua. Iliingia nyumbani kwetu Ihanda nikiwa bado navaa sare ya shule ya msingi, ikaendelea kuonyesha mambo mpaka nikaja nyumbani na watoto wangu. Kuharibika iliharibika, sikatai. Ikigoma, baba aliipiga kibao cha ubavuni. Kibao kikishindwa, alimwita fundi, fundi akaifungua, akachomelea waya, wakanywa chai, maisha yakaendelea. Hakuna siku iliyotutisha kwamba sasa ndiyo basi.

Tulioitoa duniani ni sisi watoto. Tulikuwa tumepata vikazi vyetu, mmoja Bukoba, mmoja Mwanza, na mimi na duka langu la vitenge huku Nkwenda, tukaona aibu mzazi wetu kuitazama dunia kwenye sanduku. Msimu mmoja wa kahawa tukachanga, tukamletea flati, nyembamba, inang'aa mpaka paka anajitazama. Ile ya chogo tukawapa wanunuzi wa vyuma chakavu. Baba alisimama mlangoni akiangalia inavyofungwa kwenye baiskeli, akasema, "Lakini hiyo ni nzima." Tukacheka. Hakuna aliyetuambia kwamba tunamfukuza mzee mwenye afya na kumkaribisha kijana mgonjwa.

Flati ilikuja na watu wake. Baba ni mtu mzima sana sasa, miguu imechoka, na siku nyingi haendi mbali zaidi ya mwisho wa kibanja chetu, pale migomba inapokutana na njia. Kwa hiyo watu ndio walimfuata. Kila alasiri wanaume wa jirani waliingia, wakavua viatu mlangoni, mama akawawekea kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia kisha ikaanikwa, wakawa wanadokoa huku wanabishana na watu wa kwenye kioo. Wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka alikuwa rafiki mmoja wa baba, ambaye sisi tunamwita baba mdogo ingawa hawakuzaliwa tumbo moja.

Hao wawili ni ndugu wa omukago. Walipokuwa vijana, kabla baba hajamwoa mama, walikaa mkekani mbele ya mashahidi, kila mmoja akachanjwa kidogo karibu na kitovu. Wakachukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila punje ikapakwa damu, na kila mmoja akameza ile yenye damu ya mwenzake. Padri alikuwa akiyakemea mambo hayo kanisani, na baba, Mkatoliki wa kupiga magoti hasa, alikuwa anatikisa kichwa kukubaliana naye huku kovu likiwa palepale chini ya shati. Mtu wa omukago humnyimi chakula, humsemi vibaya, na humwachi peke yake. Baba hakuwahi kulijadili hilo na mtu. Alipokuwa akituambia, alituambia kama anavyotuambia jina la babu.

Flati ilizima Jumapili moja mchana, katikati ya mpira, kabla hata ya msimu wa pili wa kahawa. Kioo kikawa cheusi, sauti ikaendelea. Mtangazaji anapiga kelele, goli limeingia, na wanaume wazima wanaulizana kwenye giza la kioo nani kafunga. Baba akainuka akaipiga kibao cha ubavuni. Kidogo ianguke, wakaidaka.

Mama aliponipigia simu nilikwenda moja kwa moja kwenye duka nilikoinunua. Yule muuzaji siku ya kununua aliniita dada, akanivutia kiti, akaniambia hii mzee wako ataiacha urithi. Sasa alikuwa hata hanikumbuki. "Waranti imekwisha, dada," akasema. "Halafu TV za siku hizi si za kukaa. Chukua hii, ni mzigo mpya." Alisema bila haya yoyote, huku anapangusa vumbi kwenye nyingine ya aina ileile. Nilitoka pale kwa hasira, bila kuaga. Mtu akikuuzia mkungu uliooza unamrudishia sokoni na watu wanamzomea. Huyu alikuwa ananiambia kwamba kuoza ndiyo biashara yenyewe.

Wakati huohuo, nyumbani watu walianza kupungua. Siku za kwanza walikuja wakasikiliza sauti kama redio. Halafu wakawa wanakuja wawili watatu. Halafu akabaki baba mdogo peke yake, akaja mara moja, akaja mara nyingine, akakata mguu.

Baba akaanza kumtafutia sababu. Mara goti linamsumbua. Mara mvua imeharibu njia. Mara anapanda maharage, na kila mtu anajua maharage hayapandwi alasiri nzima ya kila siku. Mama, ambaye hana subira ya mambo ya kufunikwa, ndiye aliyeniambia ukweli kwenye simu. Jirani wa ng'ambo ya bonde alikuwa ameleta televisheni kubwa na king'amuzi, na baba mdogo alikuwa anaonekana akishuka bondeni kila siku baada ya chakula cha mchana, na goti lake hilohilo. "Na baba yako anajua," mama akasema. "Kiti chake amekigeuza, kinatazama ile njia."

Ndugu zangu wakasema tununue mpya, tena haraka, yaishe. Nami nilikuwa upande wao. Lakini nilipokwenda nyumbani kumwambia baba, alikataa.

"Itengenezwe," akasema.

"Taata, hizi hazitengenezwi. Zinabadilishwa."

"Nani kasema?"

"Muuzaji."

"Muuzaji!" Baba alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. "Mpelekee fundi."

Nikaifunga kwenye blanketi, nikapanda nayo bodaboda, nimeikumbatia njia nzima kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Fundi wa Nkwenda aliiwasha, akachukua tochi ya simu akaisogeza kwenye kile kioo cheusi. Nilishtuka. Mle ndani watu walikuwepo, hafifu, wanatembea, wanafungua midomo. Picha ilikuwa haijakwenda popote.

"Taa za nyuma tu ndizo zimeungua," akasema. "Zinawashwa kwa nguvu zote ili TV ing'ae dukani."

"Kwa hiyo wanajua zitaungua?"

"Sijui wanachojua, dada. Mimi nabadilisha taa."

Taa zilisafirishwa kutoka Mwanza kwa basi, zikachelewa, zikaja. Jumamosi moja nikairudisha Ihanda. Niliichomeka, kioo kikawaka, mama akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mimi nilikuwa tayari nimeshika simu niwapigie wote waliokuwa wanakuja, nianze na baba mdogo.

"Zima," baba akasema.

Nilidhani hajapenda rangi.

"Zima, na msimwambie mtu kwamba imepona. Nataka nimwone mtu anayekuja kuniona mimi."

"Mzee huyu anajitafutia maradhi," mama akasema, lakini akaizima.

Jirani mmoja alipopita njiani, baba alimtuma salamu kwa rafiki yake: aambiwe kwamba kuna kahawa mpya ya kutafuna na kwamba mwenyewe hajisikii vizuri. La kahawa lilikuwa kweli. Nililala palepale, na usiku huo sikumwombea baba afya wala maisha marefu. Nilimwomba Mungu amlete yule mtu.

Akaja. Jumapili, baada ya misa, mchana kweupe, nikamwona anatokea kwenye migomba na shati lake la kanisani. Nikamkimbilia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Vitenge vinauzika?"

Baba alikuwa amekwisha simama. Walisalimiana kwa Kinyambo, salamu zile ndefu zisizoruka mtu wala mbuzi, wameshikana mikono bila kuachana. Baba alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu flati izime. Wakaketi, wakatafuna, wakamsema kidogo mwenyekiti wa kitongoji. Nikiwa jikoni na mama nikamnong'oneza kwamba ona, tulimwonea bure. Mama aliendelea na kisu chake. Alikuwa anamenya ndizi za mgeni, nyingi, kwa sababu mgeni wa omukago haondoki bila kula.

Nilipotoka na maji ya kunawa nikamkuta baba mdogo anaitazama televisheni.

"Munywani," akamwambia baba, yaani rafiki yangu, "nasikia hii imerudi kutoka kwa fundi."

Nkwenda nzima iliniona na lile blanketi. Sijui tulidhani tunaficha nini.

"Imerudi," baba akasema.

"Inawaka?"

Baba hajawahi kutuvumilia tukidanganya. Alitupiga kwa kudanganya juu ya mayai. Alimtazama yule mtu usoni, taratibu, akasema, "Haiwaki."

"Pole sana. Mafundi hawa nao!" Baba mdogo akadokoa kahawa nyingine, akaniuliza hali ya mume wangu, akatoa simu akatazama saa. "Basi, ngoja niwahi ng'ambo kule, mpira unaanza. Nitapita wiki hii tuzungumze vizuri."

"Chakula kiko jikoni," baba akasema.

"Kiwekeni. Mimi na wewe tena!"

Baba akachukua fimbo yake akamsindikiza, maana mgeni anasindikizwa, na huyu zaidi ya wageni wote. Alikwenda naye mpaka mwisho wa kibanja kwa ile miguu yake. Niliwaona wamesimama kidogo, baba mdogo akampiga begani kwa upendo, naamini hata kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kisha akashuka bondeni. Alikuwa anatembea haraka.

Baba alirudi peke yake akakaa. Mama akatoka jikoni na mikono ina utomvu wa ndizi, akachukua rimoti, akaiwasha kwa sauti kubwa, nafikiri ili isikike mpaka ng'ambo. Kioo kikajaa mwanga, wachezaji ndio kwanza wanaingia uwanjani. Baba hakugeuka kuwatazama.

"Ndugu zako walisema mninunulie mpya haraka," akaniambia.

"Ndiyo, Taata."

"Mngeninunulia," akasema. "Mngeninunulia wiki ileile, nisingejua."