Kiluma cha Mama, Ugoro wa Mzee

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja huko Mutomo, kando ya mzee na mkewe. Mama alimuuliza nesi kama ni kweli kiluma, ule mshubiri mchungu anaomchemshia mumewe kila asubuhi, kinaleta saratani.

"Susu, wataalamu wanapanga vitu kwa makundi," nesi akasema, akimwita nyanya kwa Kikamba. "Maji ya jani zima la mshubiri wameyaweka kundi la 'huenda'. Wanayashuku, lakini ushahidi bado hautoshi."

Mzee akaruka kama kijana. "Si nilisema? Huyu mama ananiua pole pole!"

"Nakutunza," mama akajibu bila kumwangalia. Kisha akamgeukia nesi. "Na ugoro je?"

Mkono wa mzee ukaingia mfukoni, ukabaki huko.

"Ugoro hauko kwa 'huenda'. Huo ulishathibitishwa, uko kundi la kwanza kabisa."

"Basi kiluma naacha. Nawe lete," mama akasema, akanyoosha kiganja. Mzee akatazama dari, akatazama mlango, mwishowe akatoa kikopo na kukiweka pale taratibu, kama mtu anayemkabidhi mnunuzi mbuzi aliyempenda.

Ndivyo tulivyo. Tunataka wataalamu wakishtaki kile ulimi unachokichukia, na wakisamehe kile pua inachokipenda.

Walipokuwa wakitoka, nilimsikia mzee akilalamika, "Kiluma basi, ugoro basi. Sasa asubuhi nitabaki na nini?"

Mama akamshika mkono kumvusha kizingiti.

"Na mimi."