Tajiri Aliyekosa Yatima

Mama yangu hakuwahi kuielewa kazi yangu mpaka siku alipoipatia jina yeye mwenyewe. Tulikuwa tunachambua mchele nyumbani Kawe, nikamweleza kwa mara nyingine kwamba ofisi yetu inawatafutia matajiri mashirika ya kuyasaidia, na mashirika tunayatafutia matajiri. Akautikisa ungo, akasema, "Kumbe wewe ni mshenga. Sasa mbona hujajitafutia wa kwako?"

Ofisi yenyewe ilikuwa Mbezi Beach, juu ya duka la vigae. Bosi wangu alikuwa kijana aliyesoma ng'ambo, moyo mzuri, mdomo hauna breki. Mie kazi yangu ilikuwa kwenda kuyaona mashirika kwa macho, nirudi niseme lipi linafanya kazi na lipi linatengeneza mabango. Ya mabango yalikuwa mengi, na chai yao ilikuwa nzuri.

Nililolipenda kuliko yote lilikuwa Gongo la Mboto. Liliongozwa na mama mmoja wa Kusini, mwalimu mstaafu, mfupi, mnene, asiyejua kumbembeleza mtu. Yeye na wenzake waliwatoa watoto kwenye vituo vya yatima na kuwarudisha kwa ndugu zao. Maana wengi wa yatima wale walikuwa na bibi, walikuwa na shangazi, wengine hata baba mzima wa afya. Umaskini tu ndio uliowapeleka vituoni. Akina mama hawa waliwasaka hao ndugu, wakawashika mkono mpaka wasimame, kisha wakamrudisha mtoto na kuendelea kumtembelea hadi atulie. Niliwasifia sana kwa bosi. Yeye akasikia "watoto", akasikia "yatima", mengine yakampita. Akampigia simu tajiri.

Tajiri alikuwa mzee wa malori na saruji, mtu wa bara, aliyeamua kwamba hafi bila kujenga kitu chenye jina lake. Mshindani wake alikuwa amekwisha kujenga ukumbi kanisani, wenye jina lake juu ya mlango, na kila Jumapili ilimbidi mzee wetu apite chini ya herufi zile.

Siku ya ziara akaja na suti ya kaunda, mpiga picha, na maboksi ya biskuti. Tukamwamkia, akaitikia, akaingia katika ofisi ya yule mama mwalimu, chumba kimoja chenye viti vya plastiki, akageuka huku na huku.

"Watoto wako wapi?"

"Wako kwao," mama akamjibu.

"Kwao wapi?"

"Kwa bibi zao. Kwa shangazi zao. Kwani mtoto hukaa wapi?"

"Mama, mie nimekuja kuona yatima."

"Umechelewa, baba. Wamekwisha."

Mpiga picha akacheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Bosi akaanza kueleza habari za mikakati shirikishi, mzee akamnyamazisha kwa kidole.

"Sikiliza, mama. Nitakujengea bweni. La ghorofa."

"Ukinijengea bweni itanibidi nilijaze. Niwanyang'anye bibi zao wajukuu?"

"Wewe unataka nini basi?"

"Mishahara ya wenzangu, na nauli za kuwatembelea watoto."

"Mshahara!" Mzee alilitamka kama tusi. "Mshahara nao ni sadaka?"

"Mbona madereva wako unawalipa? Au malori yanajiendesha?"

Nilijua kazi yangu imeota mbawa, na sijui kwa nini nilikuwa na furaha. Mama akainuka, akamwambia, kabla hujakasirika vizuri, twende ukamwone mmoja. Ilikuwa nyumba ya jirani tu, lakini mtaa ule kila mtu aliwahi kuwa mwanafunzi wa mama, na kila mlango ulimsimamisha kwa shikamoo. Mzee hakuwa na subira. Akatangulia na mpiga picha wake, mie nikimkimbilia nyuma.

Uani tukamkuta bibi mmoja akisonga ugali. Mzee hakubisha hodi. Akasimama mbele yake, mpiga picha na kamera nyuma yake, akauliza, "Yule mtoto wa kituoni ndiyo anakaa hapa?"

Bibi akainuka na mwiko wake.

"Humchukui!" akapiga kelele. "Picha mlizompiga kule hazijawatosha? Humchukui!"

Mzee wa malori na saruji akarudi kinyumenyume, akawakanyaga kuku, akaegemea ndoo, ikamwaga maji kwenye viatu vyake. Mwiko ukamfuata. Tonge la ugali wa moto likatua kwenye mfuko wa suti. Mie niliyepaswa kumwokoa nilikuwa nimeshikilia ukuta, sina pumzi kwa kicheko. Ndipo binti mdogo, yule mtoto mwenyewe, akatokea nyuma ya nyumba, mikono imejaa povu la sabuni, akaangalia yote yale, akasema, "Bibi, ugali unaungua."

Mama akafika, akaeleza kwamba hatukutoka kituoni. Bibi hakuomba radhi. "Angebisha hodi," alisema, akampa kigoda. Na kwa kuwa chakula kilikuwa tayari, tukala. Mzee akasema dagaa wana chumvi. Bibi akamwambia hakualikwa.

Baadaye mzee akamwuliza binti, kwa upole ambao sikuutegemea, wapi ni pazuri, hapa au kituoni.

"Kule kulikuwa na tivii," binti akasema.

Mama akatazama chini.

"Kwa hiyo unataka kurudi?"

Binti akamtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Kwa ajili ya tivii?"

Kwenye gari mzee alikuwa akibandua ugali mfukoni. Baada ya hapo yeye na mama walivutana kwa wiki nyingi, kama watu wanaonunua samaki, mpaka akakubali: mishahara na nauli, kwa miaka kadhaa, bila jengo wala herufi. Bosi aliwaambia wageni wetu wote kwamba ndio ulikuwa mkakati tangu mwanzo.

Siku hizi yule mama wa Gongo la Mboto hunipigia kulalamika. "Yule mzee wako ananipigiaga simu kila mara. Huyu kala? Yule kaenda shule? Ana maswali kama mama mkwe. Mwambie atulie."

Nikamfikishia mzee. Akanijibu kwamba malori yake yote huyafuatilia mpaka yafike, na haoni kwa nini watoto iwe tofauti.

Nikarudisha jibu Gongo la Mboto.

"Basi awe anapiga mchana," mama akasema. "Asubuhi nina kazi."