Msemaji wa Mama Mkwe

Nilipomweleza mke wangu kazi niliyopata, aliniuliza kama hakukuwa na nyingine. Watafiti fulani walikuwa wamefungua ofisi Kitale na walitaka watu wa kuzunguka vijijini wakiuliza wagonjwa na wazee swali moja refu lililokatwakatwa vipande: ukipata ugonjwa usiopona, ungetaka utunzwe vipi, wapi, na nani akusemee ukishindwa kusema? Mimi nilikuwa nimechoka kuuza mbolea dukani kwa baba, na mdomo ninao. Nikachukuliwa.

Kwenye mafunzo tulifundishwa kuongea polepole, kutikisa kichwa kwa huruma na kubeba tishu. Hatukufundishwa cha kufanya mtu akiuliza umetumwa na nani. Huko Kachibora, mzee mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi alinisikiliza vizuri hadi nilipomuuliza angependa kumalizia wapi siku zake za mwisho. Akaweka gunzi chini, akamwita mkewe.

"Njoo usikie huyu. Ati anauliza nitakufia wapi. Si anataka kujua shamba itabaki na nani?"

Mkewe hakukasirika. Aliniwekea mikono kichwani akakemea roho ya mauti initoke, na alikemea kwa bidii hata mimi nikaanza kuhisi kuna kitu kimetoka. Kisha wakanipa chai na viazi vitamu, wakanisindikiza hadi barabarani kuhakikisha nimeenda.

Nilikuwa nikirudi nyumbani nimefura kwa hasira. Watu wetu wana mambo. Mtu atakuonyesha mahali atakapozikwa, atakuambia ng'ombe yupi achinjwe na binamu yupi asipewe kipaza sauti, lakini ukimuuliza habari ya wiki moja kabla ya hapo, wewe ni mchawi. Kaburi lina mipango tele. Kitanda hakina.

Aliyenishangaza ni mama mkwe. Aliishi Kabuchai, na moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilimvimba, na akitoka jikoni kwenda zizini ilibidi apumzike njiani. Daktari wa Bungoma alikuwa amemwambia ukweli kwamba dawa zingempunguzia makali tu. Aliposikia kazi yangu kwa mke wangu, alituma neno: nije nimuulize na yeye. Nilifurahi kama mtu aliyepigiwa simu na mteja. Nikaogopa pia, maana huyu nilikuwa namjua.

Sasa, kwa Wabukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai karibu, wala mkwe hakanyagi chumbani mwake. Ni heshima. Familia yangu ni Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia kabla sijazaliwa, na kwetu heshima hiyo imelegezwa kidogo, lakini ukioa kwa watu unaoa na sheria zao. Nikawekewa kiti nje, chini ya dirisha la chumba chake, mgongo ukiegemea ukuta. Yeye alikuwa ndani kitandani, pazia limeshushwa. Na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yameanza kumtoroka, ilibidi nipaze sauti.

"Mama! Ungetaka utunzwe hospitali ama nyumbani?"

Katika shamba la jirani, panga zilizokuwa zikikata miwa zikanyamaza.

"Nyumbani!"

"Na ukishindwa kupumua, ungetaka uwekwe kwa mashine?"

"Usikubali mashine, mama!" jirani akajibu kutoka kwenye miwa. "Dada yangu waliweka yeye hiyo, na hatukuongea na yeye tena!"

Nilimwomba jirani, kwa upole wa mafunzo, atuachie faragha kidogo. Akasema hana shida, tuendelee tu, yeye anasikia vizuri.

Mama mkwe alijua alichotaka, kuliko watu wote niliowahi kuwauliza. Hakutaka kupelekwa hospitali kubwa ya Eldoret. Hakutaka mipira puani. Alitaka dawa ya kumtuliza pumzi, kitanda chake mwenyewe, na chai ya maziwa mengi hata kama daktari anakataza. Nyimbo za kilio zingoje afe kwanza, kwa sababu akizisikia angali hai ataamka awafukuze. Nikafika kwenye swali la mwisho.

"Nani atakusemea ukishindwa?"

"Wewe."

Nilidhani amesikia vibaya. Nikarudia kwa sauti ya mnada.

"Nimesema wewe, mkwe. Huyu kijana yangu mkubwa ni mtu ya machozi. Alilia mtoto yake akienda darasa la kwanza. Mdogo atauliza pasta, na pasta atasema tufunge. Bibi yako ataogopa daktari. Lakini nyinyi watu ya Kitale, siku ya mahari mlibishana na ndugu zangu juu ya ng'ombe moja mpaka giza ikaingia. Huyo ndiye mtu nataka aongee na daktari."

"Mama, lakini mimi ni mkwe."

"Ndiyo nataka. Wewe unanipenda kwa mbali. Wewe hutalia."

Nilijisikia nimesifiwa na kutukanwa kwa pamoja. Ofisini msimamizi aliniambia majibu ya jamaa hayahesabiwi. Nilipompa habari hiyo, mama mkwe alisema yeye hakuwa anataka kuhesabiwa, alikuwa anataka kusikizwa.

Aliwaita wanawe akawatangazia. Shemeji mkubwa alisimama, machozi tayari.

"Yaani mtu wa kutoka huko Kitale ndiye atasema mama yetu afe?"

"Hatasema nikufe," mama akamjibu. "Kufa nitafanya mwenyewe. Yeye atasema tu niachwe nifanye vizuri."

Shemeji hakunisalimia kuanzia hapo hadi mvua ndefu zikaanza. Nami nikatembea nimevimba kichwa. Nilijiona mtu wa maana. Kwenye mahojiano yangu Cheptais nilianza kuwaambia watu, bila kuulizwa, kwamba mimi mwenyewe nimeteuliwa.

Halafu ikaja simu. Mama alikuwa amezidiwa, wanawe wamemkimbiza hospitali moja Bungoma, nami nifike upesi. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi ya maneno yangu, moja baada ya jingine, kama mwanafunzi wa mashairi.

Nilimkuta kwenye wodi ya wanawake, kitanda cha katikati, kifuniko cha oksijeni usoni, macho wazi. Mke wangu alikuwa kando yake, na wanawe wawili. Mimi nikasimama mlangoni. Daktari, dada kijana mwenye macho yasiyolala, alikuwa akieleza kwamba wanaweza kumpeleka Eldoret awekwe mashine ya kumsaidia kupumua, ingawa hakuahidi mengi. Ama wampe dawa za kumtuliza, arudi nyumbani.

"Nani anaamua?" akauliza.

Mama akainua kidole akanielekeza. Wodi nzima ikageuka.

"Wewe ni nani?"

"Msemaji wake," nikasema kutoka mlangoni.

"Basi karibia."

"Siwezi. Ni mama mkwe."

Wagonjwa waliokuwa karibu wakanielewa mara moja. Mmoja akamweleza daktari kwamba huyo amekaa vizuri hapo hapo, na ikibidi wao watapitisha maneno. Mwingine akanihimiza, "Ongea, mkwe! Tunakusikia!"

Nikafungua mdomo. Maneno yote niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi yalikuwepo, yamejipanga. Nyumbani. Dawa ya pumzi. Chai. Nikamtazama mama kitandani, mwembamba kuliko nilivyomwacha, miguu imejaa chini ya blanketi, na nikaona kwamba nikilitamka lile neno moja, hakutakuwa tena na mtu wa kupiga kelele nasi kupitia dirishani. Nikasikia sauti yangu ikiuliza:

"Huko Eldoret, nafasi ipo?"

Shemeji mkubwa akanikodolea macho. Mke wangu akaziba mdomo. Na mimi, mtu wa Kitale, mbishi wa ng'ombe, nikaanza kulia pale mlangoni mbele ya wanawake nisiowajua, kwa sauti, bila tishu hata moja, na sikuweza kunyamaza. Nilimpenda yule mama. Hakuna mahali pa mbali palipobaki pa kumpendea.

Mama akashusha kifuniko cha hewa kwa mkono wake mwenyewe.

"Kumbe hata wewe," akasema.

Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka tu, na nadhani alitabasamu, ingawa kwa umbali ule siwezi kuapa. Kisha akageuza kichwa, polepole, kwa mwanawe mkubwa.

Shemeji alipangusa uso kwa kiganja. Nilingoja alie, kwa sababu kila mtu alikuwa akingoja hivyo. Hakulia.

"Nyumbani, daktari," akasema. "Mtupatie hiyo dawa ya pumzi, na mtuonyeshe vile inapewa."

Akamrudishia mama kifuniko usoni, akakinyoosha vizuri. Halafu akanitazama mimi pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano akaniita kwa cheo changu.

"Shemeji, wewe enda ulete gari."

Nikaenda nikaleta gari.