Hit au error? Scorebook yangu ilivyomwacha Deo nje ya safari ya Dar

Wakuu, habari za saa hizi.

Sina picha wala video ya kuwawekea hapa. Nina daftari tu, na kichwa ambacho mpaka leo hakijakaa sawa. Majina nimebadilisha, mengine yote yametokea kama nitakavyoyaandika, hata yale yanayonivua nguo.

Naishi Moshi mjini, nafundisha hesabu sekondari. Jumamosi mchana huwa niko kwenye baseball.

Ndiyo, baseball, hapa hapa Moshi. Tuna timu ya watu wazima, tunaazima uwanja wa shule, na mashabiki hatuzidi thelathini lakini kelele zetu ni za watu mia.

Kazi yangu pale ni kuandika scorebook, yaani daftari la mechi. Kila mpira unaopigwa, mimi naandika.

Kwa wasioujua mchezo, kuna kitu kimoja lazima mkielewe, la sivyo uzi huu hautawaingia.

Mpigaji akipiga mpira vizuri akafika base, yaani kituo anachokimbilia, salama, inaandikwa hit, ni sifa yake. Lakini kama mpira ulikuwa wa kudakwa kirahisi na mlinzi wa timu pinzani akauachia, inaandikwa error. Hapo mpigaji amefika base kweli, ila kwenye hesabu zake hapati kitu.

Nani anaamua kama mpira ulikuwa rahisi au mgumu? Mwandishi. Yaani mimi, na macho yangu mawili.

Sasa tuendelee.

Timu ilipata mwaliko wa mashindano Dar. Kocha akataja kikosi, ikabaki nafasi moja. Wagombea wawili.

Wa kwanza Deo, kijana wa Marangu, mpagazi wa mlimani. Anaweza kupotea wiki mbili akiwa na wageni, halafu anatokea Jumamosi midomo imebabuka kwa baridi, anashika bat na kupiga kama hajatoka popote.

Wa pili Elia. Anafanya kazi Holili kwenye malori yanayovuka kwenda Kenya, lakini Jumamosi hakosi.

Na hapa niseme mapema kabla hamjanichamba: Elia ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu.

Group letu la WhatsApp liliwaka moto. Mmoja anasema Deo ndiye apige wa tatu kwenye lineup, ile orodha ya wapigaji, ana mkono mzito. Mwingine anamjibu, "Mkono mzito wa mechi chache? Elia kacheza zote!" Mzee mmoja fundi cherehani, tunamwita Babu Kipimo, akatuma voice note ndefu kwamba mchezaji anapimwa siku timu inapozidiwa, siyo siku ya raha. Wakabishana kutwa nzima.

Deo mwenyewe alikuwa mlimani, simu haipatikani.

Mwisho kocha akaandika: "Mwalimu, lete namba. Namba hazina ndugu."

Nikakaa na scorebook yangu, nikagawa hit za kila mmoja kwa mara alizosimama kupiga, nikatuma. Elia alikuwa juu, kwa tofauti ndogo. Kocha akamchukua Elia, ubishi ukafa.

Kiukweli nilijisikia vizuri. Nilijiona mtu wa haki.

Kesho yake baada ya ibada akanipigia dada Manka. Huyu ni muuguzi, shabiki wa kimyakimya, hukaa nyuma ya mpigaji na chupa yake ya chai. Sikujua kwamba na yeye huwa anaandika.

"Mwalimu, samahani. Kwangu mimi Deo ndiye yuko juu."

Nikacheka. Nikamwambia atakuwa amekosea kujumlisha.

"Basi njoo na daftari lako tuangalie," akasema.

Tukakutana nyumbani kwake, tukafungua daftari zote mbili, mechi kwa mechi. Kujumlisha alikuwa sahihi. Na mimi nilikuwa sahihi. Tulitofautiana kwenye mipira minne tu, yote minne ya Deo. Mimi nimeandika error, yeye kaandika hit.

Nikajitetea. Nikamwambia mimi hukaa upande wa base ya kwanza, naona walinzi vizuri kuliko yeye.

Manka akafunua kurasa nyuma, akaweka kidole kwenye mpira mmoja wa Elia. "Na huu je? Si ulienda pale pale, kwa mlinzi yule yule? Hapa umeandika hit."

Wakuu, nikalivuta daftari langu karibu. Kweli, hit.

Naapa sikuwahi kukaa nikasema ngoja nimbebe shemeji. Haikuwahi kunipitia akilini. Lakini mwandiko ni wangu. Nikajaribu kuikumbuka ile mipira mmoja mmoja, na kila nilivyozidi kukumbuka ndivyo ilivyozidi kubadilika. Mara naona mlinzi kateleza, mara naona hakuugusa kabisa.

Nikamfuata kocha, nikamweleza yote.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo nani anastahili?"

"Sijui, kocha."

"Wiki iliyopita ulijua." Akawasha pikipiki yake. Majina yalishaenda Dar.

Nyumbani nako hakukukalika. Mke wangu akaniuliza, "Kwa hiyo unataka watu waseme mdogo wangu amebebwa?" Nikamwambia sijui kama amebebwa. Akasema hilo ndilo baya zaidi.

Deo aliposhuka mlimani nilipanda Marangu mwenyewe. Nilimkuta kihambani, shambani kwao, anakatia ng'ombe majani ya migomba. Nikamwamkia mama yake shikamoo, akaniwekea bakuli la mtori hata kabla hajauliza nimefuata nini. Nikaliweka kando.

Nikamweleza Deo, nikamfungulia daftari, nikamwonyesha ile minne.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliangalia ukurasa, akafuta mikono kwenye suruali.

"Huu wa kwanza uliandika sawa, mwalimu. Mlinzi alilala tu. Huu pia ni error." Akasogeza kidole. "Hii miwili ndiyo yangu."

Nikataka kushusha pumzi. Nusu kwa nusu, angalau.

Halafu akafunua ukurasa mwingine. "Lakini hapa umenipa hit. Hii haikuwa hit. Yule jamaa jua lilimpiga machoni."

Hiyo hata Manka alikuwa ameiandika hit!

Sasa tukawa na hesabu tatu. Yangu, ya Manka, na ya mwenye mpira wake. Nikajumlisha pale pale juu ya goti, kwa hesabu ya Deo mwenyewe. Yeye na Elia wakalingana.

Nikamuuliza, "Sasa nifanye nini?"

"Mimi nilitaka kwenda Dar," akasema. "Hicho tu." Akarudi kwenye majani yake.

Timu ikaenda, Elia akapiga vizuri mno. Group zima likaandika "mwalimu uliona mbali". Mke wangu akafurahi. Mimi sikuandika kitu. Kufanya vizuri kwa Elia kunathibitisha nilikuwa sahihi? Au Deo angepiga zaidi? Nani atajua?

Nilichojifunza ni kidogo. Zamani niliwaambia wanafunzi wangu namba hazina upande. Sasa nawaambia kwanza waulize nani aliandika, na alikuwa amekaa wapi. Scorebook sasa naandika pamoja na dada Manka, benchi moja, na lazima tukubaliane ndipo kalamu iguse karatasi.

Jumamosi iliyopita Deo alirudi kwenye lineup. Akapiga mpira wa chini, mkali. Mlinzi akajirusha, ukagusa ncha ya glovu yake, ukapita. Deo akafika base, akasimama, akatugeukia.

Manka akaniangalia. Nami nikamwangalia. Mpaka mechi inaisha, kile kibox cha mpira huo kwenye daftari kilikuwa cheupe, na mpaka naandika hapa bado ni cheupe.

Mlinzi aliruka, mpira ukamgusa, ukapita. Wakuu, ingekuwa ninyi mngeandika nini?