Kamba ya Mume wa Bi Mize

Mwanangu, siku niliyofika Makunduchi bado naikumbuka kwa uchovu wa miguu. Nilitoka Kigoma kwa treni, nikalala Dar, nikavuka kwa boti, kisha nikapanda gari la kuni lililokuwa likirudi tupu kusini mwa Unguja. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuweza kutulia mahali.

Bi Mize, mjane mkulima wa mwani, alinipa kazi na chumba cha uani. Ukutani kwake ilining'inia kamba ya mumewe, mvuvi aliyepotea baharini. Chombo hakikurudi. Kamba ilirudi peke yake na maji, mafundo matupu. Kila baada ya sala ya alasiri Bi Mize alikaa nayo barazani akiifungua. Aliapa kwamba hitima ya mumewe, kisomo cha kumrehemu, haitasomwa mpaka kamba hiyo inyooke.

Shuleni tulifundishwa neno la Kiingereza la vitu vya namna hiyo, "knotty". Mwalimu alisema hutumika kwa uzi wenye mafundo, kwa ubao wenye vifundo unaokataa randa, na kwa shauri lisilo na jibu la haraka. Mimi nilishika maana ya kwanza tu. Basi siku moja Bi Mize alipokwenda mazikoni, nikachukua kisu.

"Nani kaigusa kamba?" aliuliza aliporudi.

"Mie, Bi Mize. Nshaikata, upumzike."

"Umekata?" Akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Haya, kijana wa bara, una treni ya kuwahi? Mwenyewe akiuliza utamwambia nini?"

Kesho yake tangu asubuhi tulikuwa pwani pamoja tukifunga mwani. Nyumba ilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao yeye. Tuliporudi adhuhuri, vipande vyote vilikuwa vimeungwa. Mafundo yalikuwa mara mbili ya yale ya zamani, na yote yameelekea kushoto.

Bi Mize aliyapapasa. "Mume wangu alikuwa mtu wa shoto," akasema, kama anayetaja bei ya sukari.

Nilitaka kukimbia.

"Kaa," akaniambia. "Umemuongezea kazi, na mie umeniongezea. Shika upande ule."

Nilikaa miezi minane. Kamba ilikuwa kavu kama ukuti, lakini fundo la mwisho lilipolegea mikononi mwangu lilitoa maji ya chumvi, tena ya vuguvugu. Bi Mize akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla. Hitima ikasomwa Ijumaa ile.

Mwanangu, jambo la mwenzio lililosokotana usilikate kwa sababu wewe umechoka kulitazama. Hujui nani yumo ndani yake, wala anangoja nini. Uliza kwanza, kisha kaa.

Jumamosi niliondoka, na sijarudi tena. Bi Mize alinisindikiza mpaka njia kuu, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mwishowe akaiweka kichwani pangu, akaniombea. Dua hiyo nami nakuombea: Mungu akupe moyo usio na haraka, na akufikishe salama uendako.